Kabla Shamali Haijakukuta Njiani: Namna ya Kuipima Yoti kwa Bahari Chafu

Juzi usiku mpwa wangu kaniletea ujumbe wa sauti kutoka Dubai. Amepata kazi ya unahodha, yake ya kwanza, katika yoti ya injini ya mita 23: vyumba vinne vya wageni, jakuzi sitaha ya juu, sakafu ya marumaru. Furaha imemjaa mpaka pumzi hazimtoshi. Mwishoni akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Mjomba, tajiri anataka mwezi wa kwanza tumpeleke Muscat na wageni wake. Chombo kipya kabisa, kina cheti. Kitaweza bahari?"

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Swali lake si la dakika mbili, na najua vijana wetu wengi, wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, wamo katika yoti za Ghuba na wanaulizwa hilohilo na matajiri wao. Mimi ni mzaliwa wa Nungwi. Marehemu baba alikuwa fundi wa majahazi pale ufukweni, na miaka kumi na tisa sasa naendesha vyombo vya watu baina ya Muscat na Dubai. Ninachokiandika hapa ndicho ninachokifanya mwenyewe.

Cheti hakiwezi kukujibu, mpwa wangu. Utajijibu mwenyewe, ukishafanya haya.

Ijue kwanza bahari yenyewe

Sisi wa Nungwi tumekulia kwenye mkondo wa Pemba. Maji yale yana kina kirefu. Kusi likishika, mawimbi huja marefu, unayaona tangu mbali, chombo kinapanda na kinashuka. Ghuba haina tabia hiyo. Hata penye kina kikubwa kabisa ni kama mita 90 tu, na sehemu kubwa ni chini ya hapo. Shamali, ule upepo mkali wa Ghuba, inashuka kutoka kaskazini-magharibi, upande wa Iraq na Kuwait, ina uwanja mrefu wa kuyasukuma maji, nayo maji yanainuka mafupi, yenye uso mkali, yamebanana. Majira ya baridi huweza kupiga siku moja na nusu ikaisha, au ikashika siku tatu mpaka tano.

Kwa hiyo usisome kimo cha wimbi peke yake. Soma na sekunde zake, yaani muda kutoka kilele kimoja hadi kingine. Kuna hesabu ya kukariri kwa maji yenye kina cha kutosha: zidisha sekunde kwa sekunde, kisha zidisha kwa 1.56, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Wimbi la sekunde 10 lina mita 156 kutoka kilele hadi kilele. Yoti yako italipanda taratibu. Wimbi la sekunde 5 lina mita 39. Hapo omo, yaani pua ya chombo, halijamaliza kutoka kwenye wimbi la kwanza, linaangukia usoni mwa la pili. Utabiri utakwambia "mita mbili" kwa yote mawili. La kwanza utakunywa chai, la pili vioo vitalia.

Jua pia kwamba kimo kinachoandikwa kwenye utabiri ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa. Ukikaa saa kadhaa baharini, utakutana na wimbi lenye kimo karibu mara mbili yake. Ukisoma mita 1.5, tayarisha chombo kwa mita 3.

Sasa itazame njia yako. Dubai hadi Khasab, bandari ya Oman iliyo njiani, ni maili za bahari 80 na ushei, unaelekea kaskazini-mashariki. Shamali inatoka kaskazini-magharibi. Maana yake mawimbi yatakupiga ubavu wa kushoto njia nzima, na upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea, kulia kwako, ni nchi kavu. Injini zikizimika, upepo utakupeleka pwani. Ukishazunguka Ras Musandam bahari hutulia, milima inakukinga, lakini upepo hushuka kutoka mabondeni kwa vishindo visivyo na taarifa. Yoti yako lazima ipimwe kwa hayo: ubavu, na injini zisizozima.

Kibati kinasema nini

Karibu na usukani kuna kibati cha mtengenezaji. Vyombo vya starehe vya mpaka mita 24 vinavyouzwa Ulaya hupewa herufi. A ni kwa upepo unaozidi nguvu ya 8 kwenye kipimo cha Beaufort na mawimbi yanayozidi mita 4. B ni mpaka nguvu ya 8 na mita 4. C ni nguvu ya 6 na mita 2. D ni ya maji ya ndani, nguvu ya 4 na wimbi la sentimita 30. Kibati hicho hicho kinakwambia idadi ya watu na uzito wa juu kabisa.

Usikidharau, ila kielewe. Herufi ile ilipatikana kwa chombo kilivyotoka kiwandani, milango imefungwa, mizigo haijazidi. Haijui kwamba tajiri aliongeza pikipiki mbili za majini sitaha ya juu, wala kwamba mpira wa mlango umekatika. Upya nao haukingi kitu. Februari 2012 yoti ya injini iitwayo Yogi, mita 60, iliyozinduliwa mwaka mmoja tu kabla, ilizama karibu na kisiwa cha Skyros, Ugiriki. Mabaharia wake waliokolewa kwa helikopta. Mita 60, mpwa wangu. Yako ni 23.

Maji yanaingilia wapi

Hapa nataka ukae sana. Yoti nyingi hazipinduliwi na wimbi moja kubwa. Zinakunywa maji kidogo kidogo kwenye tundu ambalo hakuna aliyelitazama, zinalemewa, kisha wimbi la kawaida linamaliza kazi.

Nitakusimulia lililonikuta. Januari moja, miaka minane nyuma, nilikuwa natoka Khasab narudi Dubai na yoti ya mita 21, ya tajiri mwingine kabla ya huyu wa sasa. Utabiri ulisema shamali itapungua alfajiri. Haikupungua. Nikaelekeza omo kusini zaidi kuitafuta Ras Al Khaimah, mawimbi yakawa yananipiga pembe ya tezi, yaani nyuma ya chombo, upande wa kulia. Baada ya saa moja nikahisi chombo kimekuwa kivivu. Tezi likishuka linachelewa kuinuka. Usukani naugeuza, omo linafikiri kwanza. Hakuna kengele iliyolia, taa zote za kijani. Nikamtuma baharia akatazame gereji ya tezi, ile wanayowekea boti ndogo na pikipiki ya majini. Akarudi mbio, suruali imelowa mpaka magotini. Pikipiki ilikuwa inaelea.

Mpira wa mlango wa gereji ulikuwa umebanduka kipande cha shibiri moja tu, chini kabisa, pasipoonekana mpaka uchuchumae. Kila wimbi liliingiza ndoo mbili tatu. Na swichi ya kuelea ya kengele ilikuwa imekabwa na kitambaa cha kufutia vioo ambacho mtu alikitupa humo. Nikapunguza mwendo, nikasubiri mwanya, nikaligeuza omo likabili wimbi ili tezi lipumzike, tukateremsha pampu ya mkononi na ile ya umeme ya kubeba. Saa mbili tulifua maji. Wageni walikuwa sita, wawili watoto. Nikiyakumbuka macho ya yule mama hadi leo nalala vibaya.

Tangu siku hiyo kabla ya kila msimu wa baridi nafanya hivi, nawe fanya.

Chukua chaki. Paka ukingo mzima wa chuma ambao mpira wa mlango hukaa, funga mlango kwa nguvu yake yote, fungua tena. Mpira unatakiwa uwe na mstari wa chaki usiokatika. Pale ulipokatika, maji yanapita. Kisha mweke mtu ndani na tochi, wewe nje na mpira wa maji wenye presha, umwagie mlango pole pole kuanzia chini kwenda juu. Fanya hivyo kwa gereji, kwa mifuniko yote ya sitaha, kwa mlango wa chumba cha injini na kwa vidirisha vya vyumba vya wageni. Vidirisha hivyo vipo karibu sana na maji. Kabla ya safari vifunge mwenyewe na vitasa vyake uviondoe, kwa sababu mgeni akihisi joto atafungua, na hatakwambia.

Halafu tafuta matundu ya hewa ya chumba cha injini. Kwa yoti nyingi yapo ubavuni, yamepambwa kama urembo, mtu hadhani kuwa ni mdomo. Chukua utepe, pima kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa chini wa tundu. Andika namba hiyo kwenye daftari. Chombo kikilala upande mpaka maji yafike hapo, bahari inaingia moja kwa moja kwenye injini, na hakuna pampu itakayoishinda. Namba hiyo ina maana kuliko herufi ya kibati.

Sanduku la amari, yaani mnyororo wa nanga, mbele nalo hunywa. Ziba lile tundu mnyororo unapopita kwa kitambaa na mkanda wa turubai, na nanga uifunge kwa kamba ya pili. Nanga inayogongagonga omo kwenye mawimbi ya mbele imewahi kutoboa zaidi ya chombo kimoja.

Vali za chini ya maji: zifungue na kuzifunga zote kwa mkono wako. Vali isiyogeuka ni sawa na tundu. Kila bomba liwe na vibanio viwili, na kando ya kila vali fungia kizibo cha mbao laini cha kipimo chake. Baba alikuwa na kikapu cha vizibo na pamba ya kukalafati hata kwenye jahazi jipya. Nilipokuwa mtoto nilidhani haamini kazi yake mwenyewe. Baadaye nikafahamu aliijua bahari.

Yanatokea wapi

Wimbi likipanda sitahani lazima lishuke haraka. Maji ya mita moja ya mraba yenye kina cha sentimita 30 ni kilo 300, na sitaha yako ya tezi ina mita nyingi za mraba. Mwagia ndoo kumi kwa pamoja pale penye viti na meza, hesabu sekunde mpaka pakauke. Utakuta matundu ya kutolea maji yamezibwa na nywele, mchanga, mbegu za tende, vifuniko vya chupa. Yasafishe. Mazulia na mito ya tezini iingie ndani kabla ya kung'oa nanga, maana ndiyo hukimbilia kwenye matundu hayo kwanza.

Ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, utaijaribu kwa maji ya kweli, si kwa kubonyeza swichi. Mimina maji katika kila chumba cha chini mpaka pampu iamke yenyewe, kisha inua kila swichi ya kengele kwa kidole, mmoja wenu asimame kwenye usukani athibitishe kuwa imelia. Ngama isiwe na kitambaa, karatasi wala mfuko.

Na milango ya kati ya gereji, chumba cha injini na vyumba vya mabaharia ifungwe ukiwa njiani. Maji yakiwa kwenye chumba kimoja yana mipaka. Yakienea sakafu nzima, chombo kikilala kidogo tu yote yanakimbilia upande ule ule na kukilaza zaidi. Tani mbili za maji yanayotembea ni mbaya kuliko tani kumi za farumi (uzito wa kutulizia chombo) iliyotulia.

Uzito wa juu, na mapezi yanayoficha

Kila kilo iliyopandishwa juu ina deni lake chini. Jakuzi ya lita 1,500 ni tani moja na nusu, imeinuliwa mita tano au sita juu ya maji, na inachezacheza. Ongeza boti ndogo na winchi yake, majokofu, meza ya marumaru, wageni kumi waliopanda kutazama machweo.

Kuna jaribio la bure. Siku ya utulivu bandarini legeza kamba zote, zima mapezi ya ubavuni au jairo (gurudumu zito linalozunguka kwa kasi), mitambo ya kutuliza mrama, yaani kuyumba huku na huku. Watu wanne wasimame ukingoni mwa upande mmoja, wahamie upande wa pili, warudi, kwa mdundo mmoja, mpaka chombo kianze kuyumba. Wakishatulia katikati, hesabu kwa saa mirama kumi kamili, kila mmoja ni kwenda na kurudi, kisha gawa kwa kumi. Kwa yoti yenye upana wa mita 6 napenda kuona sekunde 5 hivi. Nikiona 7 au 8, chombo kinarudi kwa uvivu na uzito umepanda juu. Sasa jaza jakuzi, rudia. Utaliona jambo kwa macho yako, na tajiri pia mwite alione, asije akadhani unamnyima raha bila sababu. Andika namba na tarehe. Mwakani ukipata sekunde moja zaidi, tafuta kilichoongezwa.

Jakuzi iwe tupu kila mkitoka nje ya bandari. Hili halina mjadala. Pikipiki za majini zishuke gerejini au zibaki nchi kavu.

Mapezi ya kutuliza mrama ni neema kwa wageni, lakini hayaongezi uthabiti wa chombo. Yanakuficha tabia yake. Yanaishi kwa nguvu ya injini au ya jenereta. Jenereta hunyonya maji ya kuipoza chini ya chombo, na kwenye mrama mkubwa tundu lile huvuta hewa badala ya maji, au mwani ukaziba chujio. Inapata joto, inazima, na ghafla yoti iliyokuwa imetulia kama sebule inalala kwa pembe ambayo hujawahi kuiona. Kwa hiyo siku ya mawimbi ya wastani, bila wageni, toka nje ya bandari na uyazime nusu saa. Kaa na mrama wa kweli wa chombo chako. Jua vyombo gani vinaanguka, mlango gani unafunguka, na je, baada ya kulala kinarudi haraka au kinaning'inia kwanza kikifikiri. Kikining'inia, usiende nacho.

Dizeli

Injini kuzima kwenye bahari chafu ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na sababu mara nyingi ni tope. Miezi yote ya kiangazi yoti inakaa bandarini, joto la Ghuba linatoa jasho ndani ya tangi, maji yanakaa chini, vijidudu vinaota kati ya maji na dizeli. Bahari tulivu haiwagusi. Shamali ikianza kulitikisa tangi, yote hupanda, na chujio linaziba kwa robo saa. La kushoto na la kulia kwa wakati mmoja, kwa kuwa yanakunywa tangi moja.

Wiki mbili kabla ya safari, toa lita moja kutoka chini ya kila tangi, iweke kwenye chupa ya kioo, iache usiku kucha. Asubuhi itazame juani. Ukiona mstari wa maji au ute mweusi, lisafishe tangi, usitegemee dawa. Beba machujio ya akiba yasiyopungua sita kwa kila injini, na wewe pamoja na fundi wako mjizoeze kubadilisha moja huku mmefunga macho kwa kitambaa. Nasema kweli. Nimefanya kazi hiyo chombo kikiwa ubavuni mwa wimbi, taa imeanguka, mafuta ya moto, na mikono ndiyo iliyokuwa inakumbuka.

Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu haliguswi.

Vioo na watu

Yoti za sasa zina vioo vikubwa mno. Vya ubavuni vina uimara, lakini mlango wa kioo wa sebule unaotazama tezi ndio unaonitia wasiwasi, kwa wimbi la nyuma. Uliza kama chombo kilikuja na vifuniko vya dhoruba. Mara nyingi vipo ghalani kwa wakala, havijawahi kufunguliwa. Vipandishe, jaribuni kuvifunga, mwone vinachukua dakika ngapi.

Ndani, kila kisichofungwa kitaruka. Wageni waambie wakae chini, katikati, kuelekea tezi, si kwenye vyumba vya omo wala sitaha ya juu. Dawa ya kichefuchefu wainywe saa moja kabla. Chai ya tangawizi inasaidia pia, ila isiwe ya moto sana. Jaketi okozi kila mtu aivae mara moja bandarini, na za watoto uzipime kwa watoto wenyewe. Chelezo cha uokozi kikaguliwe tarehe yake, bikoni ya EPIRB (kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti) iwe imesajiliwa kwa jina la chombo hiki, na mtu mwingine mbali na wewe ajue kuita kwenye redio chaneli ya 16.

Kusema "hatuendi"

Novemba 2024, boti ya wapiga mbizi Sea Story iliondoka Port Ghalib, Misri, ikiwa na watu zaidi ya 40. Tahadhari ya bahari chafu ilikuwa imetolewa. Alfajiri ya tarehe 25 ilizama katika Bahari ya Shamu, na watu 11 walikufa au hawakuonekana tena. Ilikuwa na urefu wa mita 44 hivi na umri wa miaka miwili.

Kila nahodha wa chombo cha starehe ataisikia siku moja sauti laini ya mwenye mali: wageni wangu wana ndege kesho, bahari mbona naiona shwari? Na bandarini kweli ni shwari. Usisubiri siku hiyo ndiyo uanze kujadiliana. Jadili sasa, kwenye kahawa, hali ya hewa nzuri, heshima ipo. Mimi nina karatasi moja, nimeiandika na tajiri wangu ameweka sahihi. Inasema: tukiwa na wageni, hatutoki ikiwa utabiri ni mita 1.5 na sekunde chini ya 6, au upepo unazidi noti 20, au kituo cha hali ya hewa cha Imarati au cha Oman kimetoa tahadhari ya bahari kwa njia yetu. Bila wageni, mpaka mita 2. Tunafika mwanga ungalipo. Na neno la mwisho ni la nahodha, kwani nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hizo ni namba za chombo changu. Wewe zitafute zako kwa majaribio niliyokueleza, na uanzie chini kuliko mimi.

Pia andika bandari za kukimbilia kabla hujaondoka: Ras Al Khaimah, Khasab, Dibba, Fujairah, Sohar. Kwa kila moja, saa ngapi kutoka hapo ulipo, na mlango wake unaingilika upepo ukiwa wapi. Kutoka Dubai, Ras Al Khaimah ndipo pa kuamua: ukifika mkabala wake na mambo si kama yalivyotabiriwa, ingia. Usiseme Khasab si mbali.

Likikukuta

Pamoja na yote, siku moja litakukuta. Punguza mwendo mapema kuliko unavyotaka.

Mawimbi yakija mbele, usiyakabili moja kwa moja. Yachukue kwa pembe, kama nyuzi 30 kando ya omo, na mwendo ushuke mpaka omo liache kupiga kishindo. Kishindo kinapasua. Kwa yoti ya kuteleza kama yako, vile vibapa vya chini ya tezi vishushe kidogo ili omo likate maji badala ya kuyapiga.

Yakija ubavuni, nenda mwendo wa zigizaga: dakika ishirini unayachukua pembe ya omo, dakika ishirini pembe ya tezi. Njia inakuwa ndefu, ndiyo maana fungu la tatu la mafuta halikuguswa.

Ya tezini ndiyo ya hadaa. Chombo kinaenda raha, upepo hausikiki, wageni wanaanza kucheka. Kisha wimbi linainua tezi, omo linachimba, na chombo kinazungushwa ubavu kabla hujakamata usukani. Vibapa vipandishe kabisa, omo liwe juu. Usukani wa kujiendesha uzime, shika kwa mkono. Kaa mgongoni mwa wimbi lililo mbele yako, usilipite na usiruhusu la nyuma likupande. Mkono mmoja uwe kwenye mafuta wakati wote.

Ukitaka kugeuka, hesabu. Mawimbi huja kwa makundi. Baada ya makubwa matatu manne huja nafasi. Subiri ipite mara mbili uijue, ya tatu geuka kwa nguvu, bila kusitasita katikati.

Ukishafika na kufunga kamba, usiende kulala. Wageni wakishateremka, fungua kila mfuniko wa ngama, kuanzia omo mpaka tezi. Palipo na maji, chovya kidole, uonje. Yakiwa matamu, tangi lako la maji linavuja, fundi atalishughulikia kesho. Yakiwa ya chumvi, bahari imeingia, na usiku huo huo utafute tundu lake, mtu asikutoe bandarini mpaka umelipata. Kisha nipigie simu unieleze lilikuwa wapi.